Kaitosani Inapogoma Kuyeyuka: Kusaka Kosa Katika Usindikaji wa Maganda ya Kambamiti na Kaa

Umemimina gramu moja ya unga wako wa kaitosani katika mililita 100 za asidi asetiki ya asilimia 1, ukaacha kikorogeo cha sumaku kizunguke usiku kucha. Asubuhi unakuta vipande vimevimba, vinateleza kama ute, lakini havijayeyuka. Hapo wengi hulaumu hatua ya mwisho. Wanaurudisha unga kwenye alkali ya moto (sodiamu hidroksidi), wanauchemsha saa nyingine tatu, na wanachopata ni unga uleule, safari hii wenye rangi ya kahawia. Nami nilihangaika hivyo miezi kadhaa kabla ya kukubali kwamba katika kazi hii kosa huzaliwa hatua moja likajionyesha hatua mbili mbele. Kwa hiyo hapa tunaanzia kwenye dalili, kisha tunarudi nyuma kutafuta chimbuko lake.

Njia yenyewe kwa ufupi ni hii. Ganda ni nyuzi za kaitini zilizofumwa pamoja na protini na kukazwa kwa kalsiamu kaboneti, na ndani yake mna rangi kidogo ya astazanthini. Asidi hidrokloriki huondoa madini, sodiamu hidroksidi hafifu yenye joto huondoa protini, na kinachobaki ni kaitini. Kaitini hiyo ikipikwa katika sodiamu hidroksidi ya asilimia 40 hadi 50, kwenye nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi, vikundi vya asetili, yaani vipande vidogo vilivyoning'inia kwenye mnyororo wake, hung'oka na kuacha vikundi vya amini vyenye nitrojeni. Hapo imekuwa kaitosani, ambayo asidi hafifu inaweza kuiyeyusha.

Kuna mazoea mawili ambayo bila hayo utatuzi wote unageuka kuwa ubashiri: pima uzito mkavu mwishoni mwa kila hatua, na weka akiba ya gramu mbili tatu za kila hatua katika chupa yenye lebo. Siku mambo yakiharibika, chupa hizo ndizo zitakazokuambia ukweli.

Povu linafurika nje ya bika

Kalsiamu kaboneti ikikutana na asidi hutoa kaboni dioksidi, na wingi wake huwashangaza wanaoanza. Gramu 100 za ganda la kaa ambalo nusu yake ni madini hutoa takriban lita 12 za gesi. Ukimimina asidi yote kwa mkupuo, gesi hiyo inanaswa na protini iliyolegea na povu linapanda kuliko uwezo wa mkono kulizuia. Tumia chombo chenye nafasi mara tatu au nne ya kilichomo, na ongeza asidi kidogo kidogo. Usisage ganda hadi liwe vumbi pia. Vipande vya milimita 0.5 hadi 2 vinatosha. Vumbi hutoa povu kali zaidi, kisha likapita kwenye chujio na kukupunguzia mavuno.

Ikiwa povu halitulii hata kwa kumimina taratibu, geuza mpangilio: toa protini kwanza, madini baadaye. Kinachoshikilia viputo ni protini, na ikishaondoka gesi hupasuka juu ya maji bila kelele.

Vipande bado vigumu, au jivu limezidi

Kaitini iliyotolewa madini vizuri hupindika kati ya vidole kama karatasi iliyolowa. Ikivunjika kwa kukatika, au ukichoma sampuli kwenye tanuri la nyuzi 550 hadi 600 ukapata jivu la zaidi ya asilimia 1 au 2, madini yamebaki. Chukua kipande kimoja, kivunje, weka tone la asidi kwenye sehemu iliyovunjika. Vikitokea viputo katikati tu, vipande vyako ni vikubwa mno. Vikitokea kila mahali, asidi ilikuwa haba.

Uhaba wa asidi ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi, na hesabu yake ni fupi. Gramu 50 za kalsiamu kaboneti ni nusu moli (moli ni kipimo cha wingi wa chembe), na kila moli huhitaji moli mbili za asidi hidrokloriki. Maana yake gramu 100 za ganda la kaa zinakula lita nzima ya asidi ya molari 1 (moli moja kwa lita) kabla hujaweka ziada yoyote. Mtu aliyechukua kipimo kilichoandikwa kwa kambamiti, ambao ganda lao lina madini machache zaidi, akakitumia kwa kaa, anaweza kusubiri siku mbili na madini yasiishe. Muda hauwezi kuziba pengo la moli. Mimi huweka takriban maradufu ya hesabu, halafu napima pH mwishoni: ikiwa bado chini ya 2, asidi ilibaki na nguvu. Ikiwa imepanda hadi 4 au 5, asidi ilikufa njiani.

Tiba ni kumwaga ile iliyochoka na kuweka mpya ya ukali uleule. Usiongeze ukali, na usipashe moto ili kuharakisha. Asidi kali yenye joto hukata minyororo ya kaitini yenyewe, na jeraha hilo hutaliona leo. Utaliona utakapopima mnato.

Kagua pia asidi yenyewe. Ile ya asilimia 37 ni takriban molari 12, kwa hiyo mililita 83 zikijazwa maji hadi lita moja hutoa molari 1. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Chupa inayofunguliwa kila siku hupoteza nguvu kwa mvuke, kwa hiyo ukiwa na mashaka, ipime kwa bureti, mrija wenye alama unaomimina alkali tone kwa tone.

Protini haitoki

Sodiamu hidroksidi ya molari 1, yaani gramu 40 kwa lita, kwenye nyuzi 70 hadi 80, hugeuka kahawia ndani ya saa ya kwanza. Hiyo ni dalili njema. Shida ni pale maji ya mwisho yanapoendelea kuwa na rangi, au kaitini iliyokauka inaponuka samaki na kugeuka njano. Karibu kila mara chanzo ni kutegemea beseni moja refu badala ya mabeseni matatu mafupi. Maji yaliyokwisha kujaa protini hayana hamu ya kuchukua nyingine. Badilisha alkali kila baada ya saa moja au mbili hadi itoke bila rangi, kisha hakikisha kwa kutia matone ya kopa salfeti kwenye alkali iliyochujwa. Ikigeuka zambarau, protini ingalipo.

Wenye kipimo cha nitrojeni wana ushahidi bora zaidi. Kaitini safi na kavu ina nitrojeni ya asilimia 6.9. Ukipata 7.5, ziada hiyo imeletwa na protini, kwa kuwa protini hubeba takriban asilimia 16. Ukipata 6, sampuli ina maji au madini.

Na kabla ya yote hayo, angalia ganda lilivyoingia maabara. Mabaki ya nyama ni protini ambayo hukuipangia alkali. Ganda lililokaa kwenye joto hadi likanuka amonia limekwisha kuliwa na bakteria, na baadhi yao hula hata kaitini. Osha, kwangua, kausha au gandisha siku hiyohiyo. Hakuna hatua ya mbele inayoweza kurudisha kilichooza.

Rangi isiyotakiwa

Waridi au rangi ya machungwa ni astazanthini, na haina madhara kwa kaitini. Asetoni au ethanoli huitoa. Ikiwa wewe unaitaka rangi yenyewe, itoe mwanzoni kabisa, kabla ya asidi na alkali, ukifanya kazi gizani na bila joto. Astazanthini iliyopita kwenye alkali ikiwa na hewa hubadilika kuwa kitu kingine, na dondoo iliyoachwa kwenye mwanga wa dirisha hupauka ndani ya muda mfupi. Mtu anayelalamika kwamba dondoo yake ni njano hafifu badala ya nyekundu aulizwe kwanza aliiweka wapi.

Madoa meusi kwenye ganda la kambamiti ni weusi uliojitengeneza baada ya mnyama kufa, kazi ya vimeng'enya vyake mwenyewe. Ganda likiwahi barafu, yanapungua. Kijivu mara nyingi ni chuma kutoka kwenye mashine ya kusagia au sufuria iliyoliwa na asidi. Kahawia inayotokea katika alkali kali, huku kaitini iliingia ikiwa nyeupe, inanipeleka kwenye sababu mbili: protini iliyobaki, au hewa.

Wengi hukimbilia dawa ya kupausha yenye sodiamu hipokloriti. Inafanya kazi, nami nakiri unga hutoka mweupe wa kupendeza, lakini hukata minyororo. Kama kaitosani yako inahitaji mnato, kubali rangi kidogo. Ukiamua kuitumia, ikae chini ya asilimia 0.5 na kwa dakika chache, na uoshe kwa makini sana kabla na baada. Hipokloriti ikikutana na asidi iliyobaki hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na asetoni hutoa klorofomu. Asetoni nayo iachwe iishe kabisa kwenye kabati la kufyonza mvuke kabla ya kitu chochote kuingia kwenye oveni.

Uzito haulingani

Ganda kavu la kambamiti hutoa kaitini ya takriban asilimia 15 hadi 25. Ukipata 35, usisherehekee: choma sampuli uone jivu. Kutoka kaitini kwenda kaitosani kuna hesabu ya uhakika zaidi, kwa sababu kila kiungo cha mnyororo hushuka kutoka uzito wa 203 hadi 161. Kama asetili zote zingeng'oka, gramu 100 zingebaki 79; zikiondoka asilimia 80 ya asetili, zinabaki takriban 83. Ukipata 95, ama kazi haikufanyika ama umekausha chumvi pamoja na unga. Ukipata 60, tazama sakafu ya sinki, kwa maana vipande vilikwenda na maji ya kuoshea. Kitambaa cha nailoni chenye matundu madogo huokoa mengi kuliko kumwaga kwa mkono.

Kaitosani haiyeyuki

Sasa turudi kwenye bika la asubuhi. Mnamo 1859 mwanasayansi Mfaransa Rouget alichemsha kaitini katika potashi kali (potasiamu hidroksidi) akaona inaanza kuyeyuka kwenye asidi hafifu, na hadi leo jaribio letu la kwanza ni lilelile. Ila kabla ya kuihukumu kaitosani, hukumu kwanza asidi. Chovya kipimo cha pH. Ikiwa ni zaidi ya 6, hakuna kaitosani itakayoyeyuka hapo, kwa kuwa amini zake huhitaji kuchajiwa na hilo hutokea chini ya pH ya takriban 6.5. Alkali iliyobaki ndani ya vipande imekula asidi yako.

Hapo tatizo ni uoshaji. Maji ya kuoshea yanaweza kusoma 7 huku ndani ya kipande mkiwa bado na alkali. Loweka katika maji mapya nusu saa, kisha pima tena. Na usifukuze 7.0 kwa ukaidi: maji yaliyotoneshwa yenyewe husoma kati ya 5.5 na 6 kwa sababu ya kaboni dioksidi ya hewani. Linganisha maji yaliyoingia na yaliyotoka, yakilingana, umemaliza.

Hesabu nyingine husahaulika. Mililita 100 za asidi asetiki ya asilimia 1 zina takriban milimoli 17 za asidi. Gramu moja ya kaitosani iliyong'olewa asetili kwa asilimia 80 ina amini milimoli 4.7, kwa hiyo asidi inatosha na kuzidi. Lakini aliyeweka gramu 5 anahitaji zaidi ya milimoli 23. Kaitosani yake haina kosa; asidi ni chache. Vilevile, anayemwaga unga moja kwa moja kwenye asidi hupata madonge yenye ngozi ya ute nje na unga mkavu ndani. Tawanya unga kwenye maji matupu kwanza, ukoroge, ndipo utie asidi.

Kama hayo yote ni sawa na bado kuna mabaki, yachuje uyatazame kwa karibu. Vipande vinavyong'aa na kuvimba ni kaitosani iliyong'olewa asetili nusunusu. Vyenye kiini cheupe katikati vilikuwa vikubwa mno, alkali haikufika ndani. Mchanga unaotoa viputo kwa asidi kali ni madini ya hatua ya kwanza. Manyoya ya kahawia ni protini iliyoganda au uchafu.

Asetili zikikataa kung'oka, nianzie na sababu iliyonipotezea muda mwingi kuliko zote: maji yaliyojificha. Kaitini iliyooshwa na kukamuliwa bado hubeba maji mengi. Tuseme una gramu 10 za kaitini zilizobeba gramu 30 za maji, ukazitia kwenye gramu 200 za alkali ya asilimia 50. Gramu 100 za sodiamu hidroksidi sasa zimo ndani ya gramu 230 za mmumunyo, na asilimia 50 yako imekuwa 43. Nilikuwa nikiandika 50 kwenye daftari kila mara, kwa imani kamili, na matokeo yakipanda na kushuka kulingana na nilivyokamua siku hiyo. Pima uzito wa kaitini mbichi, toa uzito mkavu, na kwa kila gramu ya maji ongeza gramu moja ya sodiamu hidroksidi.

Basi kwa nini usiikaushe kabisa? Kwa sababu kaitini iliyokaushwa kwa joto kali hujikunja na kushikana, ikawa ngumu kama pembe, na alkali haipenyi tena. Ikibidi kukausha, ioshe mwisho kwa ethanoli na ukaushe kwenye nyuzi 50 au 60. Utaijua iliyokauka vyema kwa wepesi wake. Ile iliyokosewa hutoa sauti inapoanguka kwenye sahani.

Angalia pia vidonge vya sodiamu hidroksidi. Vikiwa vimeshikamana na kufunikwa na ukoko mweupe, vimevuta unyevu na kaboni dioksidi, na sehemu yake sasa ni sodiamu kaboneti isiyo na kazi hapa.

Muda nao una mpaka. Baada ya saa mbili hivi, asetili hung'oka kwa uvivu mkubwa huku minyororo ikiendelea kukatika. Ukitaka kufika asilimia 90, usipike saa nane mfululizo. Pika saa moja au mbili, osha hadi alkali iishe, kisha pika upya katika alkali mpya. Kuosha katikati ndiko kunakoleta tofauti.

Neno kuhusu chombo na mwili wako. Alkali ya asilimia 50 yenye moto hula kioo na kugandisha vifuniko vya kioo. Aluminiamu huyeyuka humo na kutoa hidrojeni inayolipuka. Tumia chuma kisichoshika kutu au tefloni. Chuma hichohicho usikitumie katika hatua ya asidi hidrokloriki, kitatoboka. Vaa miwani inayofunika macho pande zote, si ile ya kusomea. Alkali ikigusa ngozi haichomi papo hapo kama asidi. Huteleza kama sabuni, na mtu hupuuza. Utelezi huo ni ngozi yako inayoyeyuka. Maji mengi yanayotiririka, papo hapo, kwa dakika 15 au zaidi, na jicho likiguswa, hospitali.

Inayeyuka, lakini ni nyepesi kama maji

Hapa asetili zimeng'oka vizuri, minyororo ndiyo iliyokatika. Washukiwa ni wanne: asidi iliyopashwa moto au kuachwa usiku kucha, dawa ya kupausha, oksijeni katika alkali ya moto, na ganda lililooza. Kaitini haiyeyuki kirahisi ili uipime kila hatua, kwa hiyo njia ninayoiamini ni kufanya bechi ndogo sambamba za gramu 5, kila moja ikibadilishwa jambo moja tu. Moja bila kupausha. Moja yenye asidi ya saa moja badala ya usiku. Moja inayopulizwa nitrojeni wakati wa alkali, au kutiwa kidogo sodiamu borohidridi, inayokinga minyororo dhidi ya oksijeni. Itakayorudisha mnato imekutajia mkosaji.

Pima mnato siku moja baada ya kuyeyusha, kila mara siku hiyohiyo. Kaitosani iliyokaa mezani ndani ya asidi hupungua mnato wiki hadi wiki, na nimeona watu wakilinganisha myeyusho wa jana na wa mwezi uliopita kama vile ni mizani moja.

Ilikuwa imeyeyuka, ghafla mashapo meupe

Umetia kitu chenye fosfeti au salfeti. Bafa ya fosfeti (mmumunyo unaoshikilia pH isibadilike) ya pH 7.4 ina makosa mawili kwa pamoja: pH ya juu, na fosfeti inayoshikanisha minyororo. Asidi salfuriki vilevile haifai kuyeyushia. Tumia asetiki, fomiki, laktiki au hidrokloriki hafifu. Aljineti (ute wa mwani), na sabuni zenye chaji hasi, huigandisha papo hapo.

Vipimo viwili vya asetili vinapingana

Bureti inasema asilimia 70 ya asetili zimeng'oka, kipimo cha mwanga wa infraredi kinasema 82. Mara nyingi bureti haikudanganywa na kemia, ilidanganywa na mizani. Kaitosani iliyoachwa wazi hushika maji yanayoweza kufika asilimia 10, na hesabu inadhani maji hayo ni kaitosani. Chukua sehemu nyingine ya unga uleule, ikaushe kwenye nyuzi 105 hadi uzito usibadilike, na tumia asilimia hiyo kusahihisha hesabu. Sampuli ya kupima yenyewe usiikaushe kwa joto hilo. Toa pia uzito wa jivu. Kwa upande wa infraredi, tazama karibu na 875 na 1420 kwa sentimita: ukiona vilele hapo, ni kaboneti, ama ya kalsiamu ya hatua ya kwanza ama ya sodiamu iliyoachwa na uoshaji hafifu. Hapo fungua chupa ya akiba ya kaitini, weka tone la asidi, na usubiri viputo. Vikitokea, rudi kwenye beseni la asidi hidrokloriki. Visipotokea, rudi kwenye sinki.